Mwenyekiti Nje ya Mlango

Matroni alipoteuliwa kuwa mwenyekiti wa bodi ya Mfuko wa Elimu, wengi walidhani amepewa zawadi ya kustaafu. Alikuwa ameongoza wauguzi wa hospitali kuu kwa miaka mingi. Nusu ya watoto wa mji ule alikuwa amewazalisha yeye, na nusu nyingine walizalishwa na wakunga aliowafundisha. Sasa, walisema, mwacheni mama wa watu apumzike kwenye kiti cha ngozi, anywe chai, aseme "tumepitisha," arudi kwake. Mwenyekiti aliyemtangulia alikuwa akifanya hivyo hivyo. Mzee yule alianza kusinzia kwenye ajenda ya pili, akaamka saa ya chakula akiwa na nguvu kuliko wote.

Kwa hiyo siku ya kikao chake cha kwanza hakuna aliyekaa mguu sawa. Mjumbe mmoja aliingia amechelewa, simu sikioni, akaendelea kuongea mpaka kitini. Matroni alimtazama tu, kama alivyozoea kumtazama mtu aliyeingia wodi ya wazazi na viatu vya tope, mpaka yule bwana akakata simu, akaitia mfukoni na kuomba radhi bila kuambiwa. Mkurugenzi Mkuu wa Mfuko, mtu mwepesi wa akili na wa ulimi, alikuwa tayari amesimama mbele na michoro yake ukutani. Alieleza mabweni yatakayojengwa, maabara zitakazokarabatiwa na vyuo vitakavyopewa vifaa. Alieleza vizuri sana, kwa kasi ya mtu asiyetarajia kuulizwa.

Alipomaliza, mjumbe wa kwanza akaunga mkono hoja, na wa pili akamuunga mkono wa kwanza. Matroni akaweka kiganja juu ya makabrasha yaliyorundikwa mbele yake.

"Haya tumepewa leo asubuhi," alisema. "Nani ameyasoma?"

Kila mtu akamtazama jirani yake. Mhadhiri mmoja mstaafu, ambaye wote walimwita Profesa, alikiri kwamba ameishia ukurasa wa tatu, na hata hizo tatu hakukubaliana nazo. Matroni akamshukuru. Kisha akasema kwamba hawezi kutia sahihi yake chini ya jambo ambalo hakuna aliyelisoma, naye hadhani wenzake wanaweza, kwa hiyo kikao kimeahirishwa mpaka wiki ijayo. Chakula wale, kwa sababu kimeshapikwa.

Mkurugenzi alimfuata kwenye korido, uso umemkunjamana. Alimwambia kwa adabu, lakini kwa meno yaliyobana, kwamba pale hawafanyi kazi namna ile, na kwamba kuna shule zinasubiri.

"Mkurugenzi, sikiliza," Matroni alimjibu. "Ofisi ni yako. Kuajiri, kupanga safari, kugombana na mafundi, yote hayo ni yako na sitayagusa. Kikao ni changu. Nikiingia jikoni kwako, nifukuze. Na wewe ukiniletea chakula kwenye sahani iliyofunikwa, nitafunua."

Mkurugenzi alirudi ofisini kwake akiwa amevimba. Lakini hazikupita siku nyingi akaona kwamba yale hayakuwa maneno ya kujionyesha tu. Ofisa mmoja, aliyehamishiwa tawi asilolipenda, alikwenda nyumbani kwa Matroni na matunda kwenye kikapu na hadithi ndefu kuhusu ubaya wa Mkurugenzi. Matroni alimkaribisha, akampa maji, akamsikiliza mpaka mwisho. Halafu akamwambia kwamba uhamisho si kazi ya bodi; kama ameonewa, kuna utaratibu wa kukata rufaa, aanzie kwa mkuu wake. Matunda aliyarudisha, isipokuwa papai moja ambalo mjukuu wake alikuwa ameshaling'ata. Habari zile zilimfikia Mkurugenzi. Tangu siku hiyo makabrasha yakawa yanafika majumbani kwa wajumbe mapema, na kurasa zilizokuwa na mashaka zimewekewa alama naye mwenyewe. Profesa alizisoma zote, akapinga karibu zote, na vikao vikawa virefu na vya maana.

Ndipo ulipofika msimu wa ufadhili wa masomo.

Kila mwaka Mfuko uliwalipia vijana kadhaa kusoma vyuo vikuu. Waombaji walikuwa wengi kupita kiasi. Jopo la walimu kutoka vyuo mbalimbali liliwapima kwa vigezo vilivyotangazwa, na bodi ikaidhinisha. Mwaka ule miongoni mwa waombaji alikuwemo binti wa mdogo wake Matroni, aliyetaka kusomea meno. Matroni aliiambia bodi jambo hilo mapema, kabla jopo halijakaa, akaomba iandikwe kwamba yeye hatagusa chochote katika zoezi lile. Matokeo yalipotoka, binti alikuwa amekosa kwa nafasi chache tu.

Mdogo wake alikuja jikoni kwa dada yake siku hiyo hiyo, hata kanga hakuivua begani. Alisema hajamwomba aibe, wala hajamwomba apindishe. Alichotaka ni dada yake aulize tu, kwamba hawa wachache waliomtangulia wana nini ambacho mwanawe hana. Watu wengine wakipata ndugu mwenye cheo huona nafuu. Yeye amepata mkosi. Matroni alimjibu kwamba mwenyekiti akiuliza, hilo si swali tena, ni amri iliyovaa nguo ya swali. Mdogo wake akasema hayo ni maneno ya kikao, yeye amekuja kwa dada yake. Binti mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma. Waliondoka bila kunywa chai.

Kesho yake Mkurugenzi alimpigia simu Matroni, akaomba waonane kabla ya kikao cha kuidhinisha. Alipoingia, ule wepesi wake wote ulikuwa umemtoka. Alisema msaidizi wa waziri amempigia akitaka majina kadhaa yatolewe na mengine yaingizwe. Vigezo, aliambiwa, vinaweza kurekebishwa kidogo ili majina hayo yakae vizuri. Alikuwa amejaribu kusema kwamba jopo limeshamaliza, naye akakumbushwa, kwa sauti laini, kwamba mkataba wake unakaribia kuisha.

"Nina watoto wanasoma, Mwenyekiti," alisema. "Nikikataa, kitumbua changu kimeingia mchanga. Nikikubali, sijui nitawatazamaje wale walimu wa jopo."

Matroni alimtazama yule mtu aliyekuwa akibishana naye tangu siku ya kwanza, akamwonea huruma, kisha akafurahi kidogo moyoni, kwa sababu ndiyo kwanza anamletea jambo ambalo kweli lilikuwa la mwenyekiti.

"Usikatae wala usikubali," alimwambia. "Akipiga tena, mwambie suala liko kwa bodi na wewe huna mamlaka nalo. Mwambie mwenyekiti ni mkaidi. Uniseme vibaya ukipenda, haitaniuma. Kiti hiki kimewekwa hapa ili upepo ukija unipige mimi kwanza, wewe uendelee na kazi."

Mkurugenzi alisema kwamba katika miaka yake yote pale hajawahi kufikiri kwamba bodi ni kitu cha kumkinga. Siku zote aliiona kama kizuizi cha barabarani.

Msaidizi wa waziri hakupiga tena. Alikuja mwenyewe, amevaa suti ya kijivu, ana tabasamu lisilochoka. Alimkuta Matroni kwenye chumba kidogo cha mwenyekiti, akasifu mapazia, akasifu mageuzi, akasema hata waziri amesikia jinsi vikao vilivyopata uhai. Akafika taratibu kwenye lake. Kulikuwa na vijana wachache wenye mazingira magumu, alisema, ambao kwa bahati mbaya jopo halikuwaona. Matroni akauliza kama vijana hao walijaza fomu kama wenzao. Walijaza. Kama walipimwa kama wenzao. Walipimwa. Basi jopo limewaona, Matroni akasema.

Yule bwana akasogeza kiti. "Mama, na binti wa nyumbani kwenu naye hatasahaulika. Amekosa kwa kitu kidogo mno. Milango ikifunguliwa, inafunguliwa kwa wote."

Matroni alikuwa amesikia mengi katika maisha yake ya kazi, lakini maneno yale yalimshika pabaya. Kwa muda mfupi alimwona binti yule amevaa koti jeupe, na mdogo wake amekaa mstari wa mbele, anafuta macho kwa upindo wa kanga. Aliiona picha hiyo vizuri kabisa. Kisha akasimama, akamshukuru mgeni kwa kuja, akamwambia kwamba yote aliyoyasema atayafikisha kwenye bodi kama yalivyo, pamoja na hilo la mwisho. Tabasamu la bwana yule likachoka.

Kabla ya kikao alipita kwa mdogo wake. Hakutaka ayasikie mitaani. Alimweleza alichoahidiwa na alichokusudia kufanya. Mdogo wake alikuwa anaanika nguo, aliendelea kuanika mpaka beseni likaisha, ndipo akasema, "Kwa hiyo ilikuwa inawezekana." Akaingia ndani. Binti alimsindikiza mama yake mkubwa hadi barabarani, na walipoachana alimshika mkono kwa muda mfupi kuliko kawaida, au pengine mrefu zaidi. Matroni hakuweza kujua.

Kikao kilipofunguliwa, aliwaambia wajumbe kila kitu: nani alikuja, alisema nini, alimtaja nani. Mtambo wa kupoza hewa ukasikika unavyokoroma. Kisha akasema kwamba binti aliyetajwa ni mtoto wake, kwa maana mtoto wa mdogo wako ni wako, kwa hiyo hawezi kukaa kitini wakati jambo hili linaamuliwa. Akamwomba Profesa achukue uenyekiti. Wengine walishangaa, maana hakuna aliyempinga Matroni kuliko Profesa. Lakini ndiyo sababu alimchagua. Mtu asiyekuachia hata nukta ipite hawezi kukupendelea hata akitaka.

Alikaa kwenye benchi la korido, mkoba mapajani. Mfanyakazi mmoja alipita, akarudi, akamuuliza kama amefungiwa nje. Akajibu kwamba amejifungia mwenyewe. Kutoka ndani alisikia sauti ya Profesa inapanda na kushuka, halafu ya Mkurugenzi, halafu watu wawili kwa pamoja. Hakutega sikio. Alishangaa kuona jinsi moyo wake ulivyotulia. Wodini alikuwa amejifunza kwamba kuna wakati umeshafanya yote yaliyo yako, na kusimama juu ya kichwa cha mkunga hakumsaidii mzazi.

Mlango ulipofunguliwa, Profesa mwenyewe ndiye aliyetoka kumwita. Alisema wamebishana vya kutosha na wamekubaliana wote: kazi ya jopo inabaki kama ilivyo, hakuna jina litakalotoka wala kuingia.

"Na ujue," aliongeza, "binti yako ningempenda apate. Nimesoma maombi yake."

"Na mimi," Matroni alisema, wakaingia.

Uamuzi ule aliupeleka kwa waziri yeye mwenyewe. Hakumtuma Mkurugenzi. Waziri, mtu mnene mwenye haraka, alimsikiliza akiwa amesimama, kisha akaketi. Alisema hakumtuma mtu yeyote kupeleka majina. Matroni hakubisha, alisema anafurahi kusikia hivyo, kwa kuwa basi hakuna atakayekasirika. Alikuja kutoa taarifa, hakuja kuomba ruhusa. Waziri akauliza kama ni kweli kuna mtoto wa nyumbani kwake aliyekosa. Akaambiwa ni kweli.

"Ungeniambia mapema, mama, ningekusaidia."

"Ndiyo maana sikukuambia, mheshimiwa."

Waziri alicheka, kwanza kidogo, halafu kwa tumbo zima, akamsindikiza mpaka kwenye ngazi. Orodha ya waliofaulu ikatangazwa wiki hiyo bila kubadilishwa herufi. Msaidizi wa suti ya kijivu alihamishiwa idara nyingine, na mkataba wa Mkurugenzi ulipoisha bodi ilikaa ikamuongezea, ingawa Profesa alipinga vifungu viwili.

Mdogo wake hakufika kwa Matroni kwa muda mrefu. Salamu zilikuja kupitia kwa watoto tu, fupi na kavu. Binti alipata kazi ya muda kwenye kliniki ya meno, kuosha vyombo na kuandikisha wagonjwa, na kila alipopita kumsalimia mama yake mkubwa alikuwa na kisa kipya cha mtu mzima aliyelia kabla hata hajaguswa. Alisema ataomba tena mwakani, na safari hii maswali ya jopo ya fizikia atayajibu kwa utulivu.

Kisha Jumamosi moja mdogo wake akatokea jikoni, hana hodi, kama zamani. Matroni alikuwa anachambua mchele. Mdogo wake akavuta kigoda, akaketi upande wa pili wa ungo, akaanza kuchambua naye. Wakiendelea kuchambua, alisema kwamba yule mama fundi cherehani wa nyumba ya nyuma, mwanawe alikuwa mmoja wa waliopata. Ameshaondoka kwenda chuoni. Yeye alikwenda kumpa hongera mama wa kijana, akiuma meno, na yule mama alimng'ang'ania shingoni akalia mpaka blauzi ikalowa.

"Hata hakujua mimi ni ndugu yako," alisema. "Nikanyamaza."

Matroni akatoa kijiwe kimoja, akakitupa.

"Bado nimekukasirikia, dada."

"Kasirika," Matroni alisema. "Lakini chambua vizuri, hapo umeacha mawe."

Mdogo wake aliinamia ungo, mabega yakaanza kumtikisika, na ilichukua muda Matroni kuelewa kwamba anacheka.