Somo Lililofika Kilioni kwa Régina

Léocadie alisimama mlangoni mwa chumba cha mafunzo pale Kasongo, vumbi la kilioni bado liko kwenye kikwembe alichojifunga kiunoni, akaambiwa asiingie. Mwalimu Fabrice, kijana aliyetumwa kutoka Kindu, alitangaza mbele ya wote kwamba wamama waliokosa masomo wametolewa. Hawana bidii, alisema. Akafuta miwani kwa pindo la shati, akarudi kwenye ordinatere zake, zile mashini za kompyuta.

Bidii! Léocadie alilitafuna neno lile njia nzima. Yeye anayepokea watoto katika kituo cha afya tangu Fabrice hajaota meno, leo aitwe mvivu. Na munganga mkubwa wa kituo alishasema: ripoti za uzazi sasa zitaandikwa kwa mashini, asiyepata cheti atampisha mwingine. Somo lenyewe waliliita la watu wazima, lakini walilipanga kila asubuhi, saa ile jembe liko mkononi, kana kwamba mtu mzima hana mpunga wa kulinda na ndege, wala hafiwi. Hata hivyo alikwenda, matope kwenye kucha, mpaka akajua kukisogeza kile kishale cha kwenye kioo cha mashini bila kukipoteza.

Halafu mume wa Régina, jirani yao, akafa. Mwanamke gani angemwacha Régina peke yake mkekani? Wamama wote wa somo walienda, na siku zote za kilio wakakosa masomo.

Sasa, baada ya kuzuiwa mlangoni, Léocadie alirudi kilioni akawaeleza wenzake. Rehema, mmoja wa wale waliotolewa, akauliza kama huko Kindu watu hawafi siku za masomo. Régina, ambaye tangu mazishi alikuwa hajasema kitu, akainua kichwa.

"Kilioni jembe inakatazwa," alisema. "Mashini haikatazwe. Akuje kufundishia hapa."

Wakainuka wakaenda chumba cha mafunzo, Léocadie mbele. Fabrice alijitetea kwamba programu ya saa za masomo ilitoka kwa wakubwa juu, na mashini hazitoki chumbani. Nyuma yake viti vilikuwa vitupu, isipokuwa kijana mmoja aliyesinzia.

"Mwalimu," Léocadie alisema, "ulipanga saa bila kuuliza hata mutu mumoja. Mutoto akitaka kuzaliwa, namuambia angojee programu? Shamba iko na saa yake, kilio iko na saa yake. Somo ndiyo iko na miguu. Itembee."

Fabrice aligeuka akavitazama vile viti, kisha akaanza kuchomoa nyaya za mashini.

Alasiri pikipiki ilifika kwa Régina, mashini zimefungwa ndani ya mfuko wa mchele, Fabrice amekumbatia betri kama mtoto mgonjwa. Alivua viatu, akampa Régina pole, akafungua mashini ya kwanza.

"Bado," alisema Léocadie. "Lile neno la bidii ulilisema mbele ya watu. Ulirudishe mbele ya watu."

Akalirudisha, kwa sauti ndogo. Rehema akamwambia hakusikia, naye Fabrice akarudia. Ndipo Léocadie akajisogeza mkekani, akamwachia nafasi ya kukaa.