Sukari ya Saa Kumi

Mama alikuwa na mabinti wawili, lakini ikifika saa nane mchana ungeapa ana mmoja tu. Yule mwingine alikuwepo, amekaa palepale miguuni pa kitanda kwenye stuli ya chuma, ila nani alimwona?

Wa kwenye stuli ndiye mkubwa. Alikuwa mshonaji, na watu walimwita Fundi, hata mama mwenyewe. Tangu mama alazwe, siku ya kumi na mbili sasa, cherehani yake ilikuwa nyumbani imefunikwa shuka. Yeye ndiye aliyemwogesha mama, aliyemgeuza, aliyemwaga beseni. Mdogo wake alifundisha shule ya msingi. Huyo alifika saa nane mlango ukifunguliwa kwa wageni, mfuko mkubwa begani, viatu vikilia ko ko ko kwenye sakafu ya wodi, na mama aliyekuwa akilalamika mgongo tangu asubuhi aliketi mwenyewe bila kushikwa.

"Mwalimu wangu huyo!"

"Nimekuja, mama. Leo nina kituko, ngoja nikae."

Fundi aliinuka, akachukua nguo chafu na beseni, akatoka kwenda kufua uwanjani. Kila siku alifanya hivyo. Alisema ni kwa sababu jua la mchana linakausha vizuri. Kweli yenyewe ni kwamba hakuweza kukaa pale akatazama. Na kila siku, akiwa amechutama kwenye bomba, alisikia kicheko cha mama kikitoka dirishani. Yeye alipomwogesha mama asubuhi, mama alisema tu, "Maji ya baridi haya." Siku ya kumi na mbili hajachekewa hata mara moja.

Aliacha shule darasa la tano. Mama alikuwa akienda kibaruani alfajiri, na nyumbani kulikuwa na mtoto mchanga wa kubebwa. Aliyembeba ni Fundi. Mtoto mwenyewe ndiye huyu sasa wa viatu vya ko ko ko.

Mama alilazwa kwa sababu ya mapafu. Yalikuwa yamevimba ndani, pumzi ikawa haifiki chini. Daktari alimwandikia vidonge vya steroidi, dawa ya kushusha uvimbe, vidogo vyeupe, vinane kwa mpigo kila asubuhi na uji. Pumzi ilirudi. Lakini wiki haijaisha, mama akaanza kunywa maji kama mtu aliyetoka jangwani, na walipompima wakakuta sukari imepanda. Mama hakuwahi kuwa na kisukari maisha yake yote.

"Vidonge hivi wakati mwingine huleta sukari," nesi alieleza. "Na hatuwezi kuvikatisha ghafla, mapafu yatarudi kulekule. Atakwenda navyo nyumbani. Kwa hiyo wewe, Fundi, lazima ujue kupima. Mkono wako umezoea sindano."

Akamfundisha. Chagua kidole, choma ubavuni si katikati, tone la damu liguse kijiti cha kupimia, subiri mashine ihesabu. Asubuhi kabla ya uji nesi alipima mwenyewe, saa kumi alasiri alipima Fundi na kuandika kwenye karatasi iliyoning'inia kitandani. Fundi aliupenda ule muda kuliko alivyokubali kusema. Alikuwa na kalamu. Alikuwa na safu yake kwenye karatasi ya daktari. Ila mama hakuurahisisha. Alificha mikono chini ya shuka kama mtoto.

"Kidole gani leo, mama?"

"Hakuna. Vyote vimekufa."

"Nipe kidogo tu."

"Mwenzio huja na maneno matamu, wewe huja na mwiba."

Bibi wa kitanda cha jirani, ambaye mguu wake ulikuwa umefungwa lakini mdomo haukufungwa, alicheka. "Mwenye mwiba ndiye anayebaki, mama mwenzangu. Usimwudhi, atakuchoma puani."

Sasa, ile karatasi ilikuwa na jambo la ajabu. Asubuhi, sukari tano, sita, ya mtu mzima kabisa. Saa kumi alasiri, kumi na sita. Kumi na saba. Kumi na nane. Daktari akipita raundi asubuhi aliona namba ya asubuhi na kutikisa kichwa kwa kuridhika. Ya alasiri ilimkunja uso.

"Mchana anakula nini huyu?"

Fundi alijibu haraka kuliko alivyodhamiria. "Mdogo wangu huja saa nane. Ana mfuko."

Siku ya kwanza kabisa, kabla ya habari ya sukari, mdogo wake alileta chupa ya juisi. Hiyo Fundi aliiona kwa macho. Nyingine hakuiona. Lakini alipofikiria vile viatu, ule mfuko, kile kicheko, na sukari inayopanda kila baada ya saa nane, kila kitu kilikaa mahali pake kama mikono ya gauni. Bila shaka anampa vitamu. Ndiyo maana anapendwa. Nani asingependwa hivyo?

"Analeta juisi," akasema. "Na mimi nikimkataza hanisikii, kwa kuwa yeye kasoma."

Daktari akaandika. "Tumzuie siku mbili tuone. Chakula cha hospitali tu. Leo saa kumi sukari ikizidi kumi na tano bado, tunaanza sindano za insulini. Ikishuka, basi tulikuwa tunapigana na juisi."

Jina la Mwalimu likapelekwa kwa mlinzi wa lango. Fundi hakuwahi kushinda kitu chochote dhidi ya mdogo wake. Asubuhi ile alimwogesha mama huku akiimba kwa pua.

Saa nane ikafika. Mlango ukafunguliwa, wageni wakaingia na vikapu, kila kitanda kikapata mtu. Mama akatazama mlango. Akatengeneza kitambaa cha kichwa, akatazama tena.

"Mwalimu kachelewa."

"Labda ana kazi," Fundi akasema. Leo hakwenda kufua. Alivuta stuli kutoka miguuni akaisogeza kichwani. "Mimi nipo. Niambie, unataka nini?"

Mama alimtazama muda mrefu, kisha akageukia ukutani.

Saa kumi alimchoma. Mama hakubisha, hakuficha mikono, aliuacha mkono juu ya shuka kama kitu cha mtu mwingine. Mashine ikahesabu. Kumi na tisa nukta nne.

Fundi akaitazama. Akapangusa kidole cha mama, akapima tena na kijiti kipya. Kumi na tisa nukta nne. Mama alikuwa amekula wali na maharage ya hospitali na maji. Hakuna mtu aliyekuja. Hakuna mfuko. Hakuna juisi. Kumi na tisa nukta nne.

Akashika kalamu. Akiandika hii, daktari atajua kwamba mkosaji si mdogo wake. Kesho viatu vitarudi, ko ko ko, na mama ataambiwa nani alimfungia Mwalimu wake nje. Akaona jinsi lilivyo jambo dogo. Moja ya mbele ni kijistari tu. Usipoiandika, haipo.

Akaandika: tisa nukta nne.

Nesi alipita, akasoma, akapiga kofi dogo la furaha. "Unaona! Mchawi alikuwa juisi. Insulini ya nini tena." Akaendelea na vitanda vingine.

Kwa dakika kama ishirini Fundi alijisikia vizuri. Halafu mama akaomba maji. Akanywa kikombe, akaomba kingine, akaomba cha tatu. Akataka kwenda msalani, wakaenda, wakarudi, hawajakaa akataka tena. Njiani mkono wake ulipapasa ukuta.

"Mbona kuna ukungu humu ndani?" mama akauliza.

"Hakuna ukungu, mama."

"Sikuoni vizuri. Ni Mwalimu wewe?"

Fundi akamlaza. Ulimi wa mama ulikuwa umekauka, ukishika kwenye meno wakati wa kuongea.

"Halafu," bibi wa jirani akasema kwa sauti ya chini, "mbona mmemzuia yule mtoto? Nimesikia nesi anataja juisi. Juisi ipi?"

"Ya mfukoni mwake."

"Mfukoni mna madaftari, mwanangu! Hukai ukaona, unakimbilia kufua. Anamsomea mama yako majibu ya wanafunzi. Jana mmoja kaulizwa ng'ombe anatupa nini, kaandika anatupa mateke. Nimecheka mguu ukauma. Juisi hata tone sijaona tangu siku ya kwanza, na mimi kwa vitamu nina macho."

Fundi alichomoa karatasi kitandani akaenda nayo hadi meza ya nesi. Maneno aliyokuwa ameyapanga yalipotea yote.

"Nesi, hapa pana moja mbele. Sikuiandika."

"Moja gani?"

"Ni kumi na tisa. Niliona. Nikaacha makusudi."

Nesi akainuka. Alichukua mashine akaja mwenyewe, akapima: ishirini na moja. Daktari akaitwa kwa simu, akafika koti halijafungwa vifungo, na sindano ya kwanza ya insulini ikaingia tumboni mwa mama saa kumi na moja jioni, na dripu ya maji mkononi. Ndipo daktari alipoitandaza karatasi mezani akaisoma upya kwa ukucha, asubuhi, alasiri, asubuhi, alasiri.

"Hata mimi nimekosea," alisema. "Anameza vidonge asubuhi. Nguvu yavyo inafika kileleni mchana na jioni, sukari inapanda nayo. Usiku inashuka, asubuhi tunapima tunakuta safi, tunajipongeza. Si juisi, si mgeni. Ni saa. Kuanzia kesho insulini apewe asubuhi, pamoja na vidonge." Akamgeukia Fundi. "Nilimwamini mtu aliyeshika karatasi hii. Ungeacha hiyo moja siku tatu, tungemkuta hajitambui. Unanielewa?"

"Nakuelewa."

"Nenda basi kamwambie mlinzi."

Hakuhitaji kwenda mbali. Mdogo wake alikuwa kwenye benchi la saruji nje ya lango tangu saa nane, madaftari magotini, anasahihisha kwa kalamu nyekundu. Hakuinua kichwa.

"Mama vipi?"

"Sukari ilipanda. Wamempa insulini. Ni vile vidonge." Fundi akakaa kando yake kwenye benchi. "Mimi ndiye niliyesema wakuzuie."

"Najua. Nani mwingine?" Akafunga daftari. "Dada, ulidhani namlisha sukari mama yangu?"

"Nilidhani kuna kitu unampa. Sikujua kwamba anakupenda bure."

Mwalimu akacheka, cheko fupi lisilo na furaha. "Juzi nilitaka kumpaka mafuta miguuni. Akasema, weka chini, ngoja Fundi, wewe mikono yako ina chaki. Nilikwenda nyumbani nikalia. Lakini sikukuwekea mlinzi."

Fundi alichukua nusu ya madaftari, wakaingia.

Kesho yake mama alipewa insulini na uji na vidonge vinane. Saa nane viatu vikaja. Fundi hakwenda kufua. Alikaa kwenye stuli akasikiliza habari za mtoto aliyeandika kwamba moyo una vyumba vinne na sebule, na mama akacheka hadi dripu ikatikisika. Akamchekea nani? Akamchekea Mwalimu, macho yote kwake. Wivu ulimchoma Fundi palepale ulipozoea kumchoma.

Saa kumi akafungua mashine.

"Kidole gani leo, mama?"

Mama hakugeuka. Alikuwa anauliza sebule ya moyo iko upande gani. Lakini mkono wake ulitoka chini ya shuka wenyewe, ukamfikia Fundi, kidole kimenyooshwa tayari, ubavu juu.

Akakichoma. Kumi na moja nukta mbili. Akaandika tarakimu zote.