Mifupa ya Bata na Simu Kumi na Moja

Kimbunga kilipoangusha mnara wa simu na mlima ukaporomokea barabara, Yun-moi alibakiwa na dawa ya kisukari ya sindano moja tu. Tumekuwa majirani kwa miaka sitini, na hakuna anayejua kunitukana vizuri kama yeye. Sikuwa tayari kumpoteza.

Siku ya pili, saa tisa alasiri, tukasikia muziki wa lori la taka, ule unaotuita tulete mifuko. Lori lilikuwa ng'ambo ya maporomoko, haliwezi kupanda, lakini dereva wake, Fuk-sin, aliupiga kama kawaida. Na sisi kwa mazoea tukatoka wote na mifuko yetu, tukasimama ukingoni mwa tope kama wajinga. Kupiga kelele hakukufaa. Maji yalinguruma mno.

Ndipo nikakumbuka. Sisi na Fuk-sin tuna kitu kwenye simu zetu: ujumbe unaruka wenyewe hadi simu iliyo karibu, kisha inayofuata, bila mnara wowote. Tulikiweka ili atuonye mkaguzi akija kupekua mifuko aone kama tumetenganisha taka. Kila simu inafika hatua thelathini hivi, na njia ya wachuma chai inateremka hadi karibu na lori. Tungejipanga tu.

"Washeni simu," nikasema. "Tumwombee Yun-moi dawa."

"Bibi Chung, chaji yangu imekaribia kwisha," akasema Mzee Fan. "Mwanangu atapiga kesho mnara ukitengenezwa."

"Na kesho waokoaji watafika," akadakia Kiuk, mkewe. "Unahangaika bure."

Nawajua watu hawa. Wakisikia huruma wanafikiri kwanza. Wakisikia umbea wanakimbia.

"Haya," nikasema, nikifunga mfuko wangu taratibu. "Basi na lile jina tuliache. Fuk-sin anamjua aliyetia mifupa ya bata kwenye ndoo ya makombo ya nguruwe, isiyoruhusiwa mifupa, hadi tukapigwa faini mtaa mzima. Nikimuuliza ataliandika."

Ungeona! Simu kumi na moja ziliwaka papo hapo. Mzee Fan mwenye goti bovu aliteremka wa kwanza, akakalia jiwe la mwisho, karibu na lori.

"Sogea, Kiuk, tumeachana mno!" akamwita mkewe.

"Una haraka gani? Au bata alikuwa wako?"

Nikaandika kwa kidole kimoja: *Yun-moi, insulini, leo.* Nikatuma. Ukakwama njiani. Kati ya Kiuk na mumewe palikuwa na pengo, na pengo lilijaa tope.

"Jina limekwama hapo kwako, Kiuk!" nikapaza sauti.

Kiuk akapandisha suruali, akaingia hadi magotini.

Ng'ambo, muziki ukakatika. Lori huwa halikati muziki kabla ya wakati. Likageuka, likaondoka mbio, na simu zikaanza kulia moja baada ya nyingine zikipanda mlima: *Nimepata. Naenda zahanati. Tazameni juu.*

Kabla ya saa kumi na moja, kijindege cha zimamoto kisicho na rubani kilivuka tope na kushusha kiboksi mlangoni pa Yun-moi. Tulishangilia hadi koo zikakauka. Mzee Fan alicheza, goti na yote.

"Na jina?" akauliza Kiuk, akidondosha tope.

Yun-moi alikuwa ameshajidunga sindano, ameketi kizingitini, rangi imemrudia usoni.

"Mifupa ile ilinuka tangawizi," akasema. "Nani hapa anazamisha bata kwenye tangawizi kama anamzika?"

Wote wakanigeukia.

Nina miaka sabini na minane, na sijawahi kukimbia vizuri kama siku ile.