Injini Iliyotaka Kusalimiwa

Fundi Lwitiko alifungua boneti, akachomoa plagi ya kwanza na kuifuta kwa kitambaa. Ilikuwa safi. Upepo wa Sumbawanga ulipenya gerejini. Klementina, aliyeketi juu ya tairi kuukuu, alijifunika khanga mabegani bila kuondoa macho kwenye pikapu.

Pijo 404 ile ilinunuliwa na ushirika wa Izia kwa ulezi wa wanachama, debe kwa debe, na Klementina alikuwa mmoja wao. Vyama vya ushirika vilipofilisiwa na biashara kuachiwa watu binafsi, iliuzwa kwenye mnada ambao hakuna mwanachama aliyeusikia ukitangazwa. Tangu mfanyabiashara Felisiani ainunue, ilikuwa haijawahi kuwaka. Wanachama walipoidai, alisema gari lao lilikufa zamani. Lililobaki ni bati, injini ni ya kupachikwa. Namba kwenye bloku ya injini ilikuwa imeliwa na kutu. Wakakubaliana fundi aamue. Ikiwa injini ni ileile, Klementina alitaka gari lirudi kwa wenyewe.

Lwitiko alipima. Cheche zilikuwepo, petroli ilifika kwenye kabureta, kompresheni ilikuwa nzuri. Felisiani alizungusha hendeli mpaka akavua koti. Injini ikakaa kimya kama mkwe.

"Mmeisalimia?" Klementina akauliza.

"Mama, nisalimie chuma?"

"Nawe umezaliwa Ufipa hii hii, Felisiani."

Akainuka, akachuchumaa mbele ya pikapu, akapiga makofi ya taratibu kama anavyosalimiwa mkubwa. Akaiuliza imeamkaje, na baridi hii imeipokeaje. Injini ikawaka, ufunguo ukiwa mfukoni mwa Felisiani. Kila swali ililijibu kwa mngurumo mfupi, kisha ikasubiri lingine, kama mtu aliyelelewa vizuri.

Lwitiko akapangusa mikono. "Ni yenyewe. Injini ya kupachikwa isingemjua mama."

Felisiani hakubisha. Alisema amefurahi, kwani gari la zamani lenye injini yake halisi halipatikani tena mkoa mzima. Kuhusu kulirudisha, alisema mnada ni mnada. Kisha akamwomba Klementina aje na kesho.

Tangu hapo wanachama wa zamani wanapokezana kuisalimia kila alfajiri. Zamu yake ikifika, Klementina huvaa kitenge cha kanisani na kutembea katikati ya barabara, shingo wima, na watu humpisha. Baada ya salamu, pikapu hushuka kuelekea bandari ya Kasanga na mahindi yao, kwa bei aliyoipanga Felisiani.

Asubuhi moja Lwitiko alimuuliza kwa nini wasinyamaze wote, Felisiani abaki na bati lake.

"Mwanangu," Klementina akasema, angali amechuchumaa, "mtoto wako akiolewa kwa mtu mbaya, unaacha kumsalimia?"

Akamaliza makofi yake. Injini ikaitikia. Akapangusa magoti, akasogea kando, Felisiani akapanda.