Namba Tatu Kwenye Shaba Tupu

Kofia ya udaktari ilikuwa tayari kabla ya udaktari wenyewe. Torben, aliyefanya kazi na Wiebke maabarani, alikuwa ameiunda kwa kadibodi na karatasi ya fedha, na juu yake akambandika bata bukini wa plastiki. Mkokoteni uliojaa maputo ulingoja koridoni. Huo ndio ungemfikisha Wiebke uwanjani, akapande chemchemi na kumbusu Liesel, sanamu ya shaba ya binti mchunga mabata bukini iliyo juu yake, kama afanyavyo kila anayefaulu udaktari Chuo Kikuu cha Göttingen.

Mtihani ulikuwa saa nane mchana. Asubuhi hiyo Wiebke alikuwa na adui mmoja: namba tatu.

Hoja ya tasnifu yake ilikuwa nyepesi. Ndani ya tangi lisilo na hewa unaingiza haidrojeni ya kawaida, ambayo molekuli yake ina uzito wa mbili, pamoja na haidrojeni nzito, yenye uzito wa nne. Zikigonga metali zikavunjika, atomu hubadilishana wenzi, nyepesi ikaungana na nzito, na mashine ya kupima uzito wa molekuli huonyesha tatu. Wiebke alidai kwamba shaba tupu haizivunji. Inayozivunja ni shaba iliyonyunyiziwa chembe za metali ya paladi. Sasa alikuwa amerudia kipimo cha shaba tupu, apate tu mchoro safi wa kuwaonyesha watahini, na tatu ilisimama kwenye skrini kama mlingoti.

"Mama wee!" Torben akasema. "Shaba imekusaliti."

"Shaba haina habari na mimi. Nyamaza nifikiri."

"Nitoboe maputo?"

"Toboa uone nani atavunjika kwanza."

Profesa Ahlborn, msimamizi wake, akachungulia na kikombe cha kahawa mkononi. "Wiebke, mwanangu, hiyo tatu ya nani?"

"Ndiyo naitafuta, Profesa."

"Itafute. Nisipouliza mimi, watauliza wenzangu."

Kama ilikuwa ya shaba, tasnifu ilikuwa imekufa. Wiebke akainama kwenye kidirisha cha tangi. Ukutani, ndani, palikuwa na mwanga mdogo wa rangi ya chungwa.

Geji ya shinikizo! Waya wake hupima ukiwa umewaka, na waya wa moto huvunja haidrojeni bila kuuliza ruhusa. Ndiyo maana huzimwa kabla ya gesi kuingia.

Akaizima. Tatu ikaporomoka hadi sifuri.

Torben akaruka. "Umepona!"

"Tulia, wewe! Paladi nayo ikigoma, nimekufa mara mbili."

Akaleta kipande chenye paladi mbele ya gesi, geji ikiwa imezimwa. Tatu ikapanda, ikazidi kupanda. Wiebke, ambaye hakuwahi kuonekana akicheza, akamzungusha Profesa mpaka kahawa ikamwagika. Hapo ndipo alipoona shingoni mwa bata bukini kipande cha utepe wa gundi chenye mwandiko wake mwenyewe: ZIMA KABLA YA GESI.

"Torben! Umekibandua kwenye swichi ya geji?"

"Bata alikuwa anaanguka, dada!"

Saa kumi na moja Daktari Wiebke alikuwa juu ya chemchemi, kofia imeinama, midomo yake kwenye shavu la baridi la Liesel.

"Vipi, kuna kilichovunjika?" Torben akapaza sauti kutoka chini.

"Sijui. Hii si shaba tupu, ina bati."

"Shuka basi, bia inapata moto!"

"Kipimo kimoja si kipimo," akajibu, akambusu tena.