Kobe Waliovaa Mkono Wangu

Mimi nachora milango. Situmii brashi, natafuna ncha ya mswaki wa mti mpaka ichanuke, nachovya winoni, nakwaruza. Kwa mbali utaona mbao kongwe. Sogea, utaona kila mkwaruzo ni neno: Kiswahili chetu kwa herufi za Kiarabu. Na si maneno ya dua. Ni yale ya kumvalia jirani kanga.

Haitham, mwenye duka la picha Shangani ninakouzia milango yangu, hakulijua hilo. Chuo cha Kurani alikitoroka, herufi hizo hazijui. Siku moja akanionesha kwenye kompyuta kobe wa baharini, na mgongoni mwa kobe nikauona mkono wangu, mikwaruzo ile ile. Akanieleza, kwa adabu zote, kuwa ipo programu ya kutenga umbo la picha na mikwaruzo yake. Umbo la mlango aliliacha, mikwaruzo akamvika kobe. Hoteli moja ya Paje ilishaagiza kobe arubaini. Jina langu halimo.

"Mlango wako sijaugusa, Bi Mwanakheir. Nlichukua ngozi tu."

"Hata mbuzi huchukuliwa ngozi tu, baba. Muulize kabakiwa na nini."

Nikamtaka awafute. Akacheka, akasema washachapishwa.

Siku ya kuwatundika nikamchukua shoga yangu Maisara, mwenye sauti ya kunadia samaki, tukenda Paje bila kualikwa. Mashine haijui kusoma. Maneno mengine iliyakatakata kama kisamvu. Mstari mmoja tu ulisalimika, ule ule kwa kila kobe. Zamani nilimwandikia mke mwenzangu. Kumbe ulimtosha na Haitham. Maisara akavaa miwani, akausoma mbele ya wote:

"Kunivua umeweza, kunivaa hutaweza."

Wapishi walicheka mpaka wakashika ukuta. Bi Shemsa, mwenye hoteli, akasema wageni wake hawatalala chini ya masuto ya watu; kobe washushwe.

Haitham akanivuta pembeni. Akanisihi nimkwaruzie karatasi moja isiyo na maneno, naye ataandika jina langu kwa herufi kubwa.

"Sijapata kukwaruza nikanyamaza," nikamwambia. "Ukitaka mkono wangu, tundika mlango mzima."

Haitham akavua viatu. Akapanda kiti kuwashusha, nami nikamshikia asianguke. Aliposhuka na wa arubaini nikamwambia afungue kompyuta aliyokuja nayo, aufute mkono wangu nikiona. Akasema hiyo kazi ndefu. Nikakivuta kiti kile kile, nikakaa. Kurudi nyumbani Jang'ombe sikuwa na haraka.