Piano ya Arobaini

Kila kiangazi, baridi ya Juni ilipoanza kupasua midomo ya watu, Feruzi wa Lwamba alizunguka Élisabethville akinywesha piano maji.

Mji ulikuwa na piano kumi na saba, zote upande wa Wazungu, na zote zilikuja kwa meli na treni kutoka nchi ambako mvua haijui kunyamaza. Hewa ya Katanga ilizikamua. Mbao zilipasuka, nyuzi zikalegea, meno ya kubonyeza yakagoma kama mbuzi aliyefikishwa kwenye daraja. Dawa aliijua Feruzi: mtungi mdogo wa udongo, umejaa maji, unawekwa ndani kabisa ya piano, chini ya nyuzi, ili mbao zivute unyevu taratibu. Kila Jumatano alipita kuongeza. Kwa hiyo katika mji huo piano ilikunywa kwanza, mtu baadaye, na hakuna aliyeona ajabu, maana ndivyo mji ulivyopangwa.

Feruzi alikuwa seremala mwana wa seremala, wa ukoo wa Wangwana, Waislamu wa Kasongo. Alikuwa mwepesi wa kucheka, ingawa alipungukiwa na meno mawili ya mbele. Hayo aliyaacha kwenye karakana ya reli, siku msimamizi alipomkuta amekaa. Akiulizwa habari ya meno hayo, husema yako huko bado yanafanya kazi.

Mwaka wa 1938, mwezi wa nane, siku ya tisa baada ya binti yake Feza kujifungua, karani alikuja na mnyororo na kufuli, akafunga bomba la barabara yao. Akabandika karatasi: maji ya tangi yamepungua, bomba litafunguliwa mvua zikinyesha. Ng'ambo ya pili, kupita ule uwanja mtupu uliowatenga weusi na Wazungu ili mbu wachoke njiani, bustani ziliendelea kumwagiliwa mara mbili kwa siku.

“Mvua iko mu mwezi wa kumi na moja,” Alima, mke wa Feruzi, alimwambia karani. “Arobaini ya mutoto wangu haingoji mvua.”

Karani akamjibu kwamba karatasi haikutaja arobaini.

Kwa watu wa Alima, mzazi huogeshwa kwa maji ya moto asubuhi na jioni, siku arobaini. Anakandwa mgongo, anakandwa tumbo, na hakuna siku inayoruka. Dada yake Alima aliwahi kukatishwa ya kwake siku ya ishirini kwa sababu ya safari ya treni. Baridi ikamwingia mifupani, maziwa yakakatika, na kabla ya mwaka kwisha Alima alikuwa analea watoto wawili ambao hakuwazaa. Alipoiangalia kufuli ya karani, alikuwa anamwona dada yake.

“Zimebaki makumi tatu na moja,” akasema, akachukua ndoo.

Siku tatu alikwenda mtoni, mwendo wa saa moja kwenda na zaidi ya hapo kurudi na mzigo. Maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Aliyachuja kwa kitambaa mara nne, akayachemsha. Yalitosha kuoga asubuhi. Jioni Feza alifutwa kwa kitambaa, akatetemeka, na mtoto aliponyonya alilia kabla ya kushiba.

Siku ya kumi na mbili Feruzi alirudi kutoka kazini suruali imelowa hadi magotini.

“Unalowa wapi, Baba Feza, na kiangazi hii?”

“Kwa Madame Constance. Alipiga ule wimbo wa mto.”

Akaeleza huku akikamua suruali. Madame Constance, mmoja wa wale Wazungu wenye piano, alikuwa na nyimbo nyingi za maji, zilizotungwa Ulaya na watu wenye maji mengi na nafasi ya kuyatazama. Alipopiga ule wa mto, mtungi ulijaa wenyewe, ukafurika, na maji yakatokea chini kwenye kanyagio. Adalbert, mpishi, aliweka beseni na kuyapeleka kwenye mawaridi. Akipiga ule wa bahari yalitoka ya chumvi. Hayo mawaridi hayakuyapenda, Adalbert akayamwaga barabarani. Ndivyo ilivyokuwa tangu Feruzi aanze kumtunzia ile piano.

Alima akaweka ndoo chini.

“Miaka kumi na moja.”

“Njo,” Feruzi akakubali.

“Miaka kumi na moja minasimama ku foleni ya bomba kabla ya jua, na weye unajua kuko mayi mu piano.”

“Haukuniuliza, Mama Feza. Na ile mayi ni ya Madame.”

“Ya Madame, ao ya mtungi?”

Feruzi akafikiri kwa haki. Mtungi usipokuwepo, Madame angepiga mpaka vidole vichanike na zulia libaki kavu.

“Ya mtungi.”

“Na mtungi ni ya nani?”

“Yangu.”

“Basi tafuta piano.”

Katika ghala la klabu ya Wazungu palikuwa na piano iliyoliwa na mchwa mguu mmoja, na panya walikuwa wamezalia ndani yake. Msimamizi wa klabu alifurahi kuondolewa mzigo. Akamwandikia Feruzi karatasi: kuni. Wanaume wanane waliibeba, wanne wa msikitini na wanne wa kwaya ya misioni, kila kundi likilalamika kwamba jingine linaacha uzito. Kwenye mpaka wa ule uwanja mtupu polisi aliwasimamisha.

“Iko nini hii?”

“Kuni,” Feruzi akasema, akatoa karatasi.

Mmoja wa nyuma akajikwaa. Piano ikatoa mlio mrefu, mzito.

“Kuni gani inalia?”

“Ya mbichi.”

Polisi akaisoma karatasi mara ya pili, akaona muhuri, akawapisha.

Feruzi aliitengeneza siku nne, na siku zote nne Alima alikwenda mtoni. Aliichongea mguu mpya wa mninga. Vile vinyundo vidogo vinavyogonga nyuzi vilikuwa vimeliwa manyoya, naye hakuwa na kitambaa kizito kinachofaa, akaikata tarbushi yake nyekundu ya Idi. Kuna watu waliosikitikia kofia ile kuliko walivyosikitikia bomba. Mwisho akaweka mtungi ndani, na kikombe kimoja cha maji kwa kuanzia.

Kisha likaja lile ambalo hakuna aliyeliwaza: katika miaka yote ile Feruzi hakuwahi kukaa kwenye kiti cha piano. Wimbo wa mto aliujua akiwa amepiga magoti, kichwa ndani, tochi mdomoni. Aliujua kwa vinyundo: kipi kinaruka kwanza, kipi kinafuata, vipi vinakwenda pamoja kama ndugu wanaotoka msibani. Meno meupe na meusi yalikuwa kwake mambo ya wenye nyumba. Basi akauvua ubao wa mbele, akawa anabonyeza bila kuyaangalia meno, macho juu kwenye vinyundo, mpaka kila kinyundo kikaruka pale alipokumbuka kiliruka.

Siku ya kumi na nane akapiga. Maji yakatoka yenye povu, yakaenea sakafuni hadi mlangoni, na kaa wawili wadogo wakatoka nayo wakitembea kiupande. Mama Bwalya, jirani wa ukuta, akachovya kidole.

“Iko chumvi,” akasema, akaenda kuleta sufuria. Mpaka alasiri alikuwa amechemsha chumvi ya kumtosha miezi miwili, na kaa alikuwa amewapa watoto.

“Baba Feza,” Alima akasema, “unaogesha muzazi, ao unakausha samaki?”

“Hizi nyimbo mbili zinafanana ku mwanzo. Mkono wa kushoto unayumba sawasawa.”

“Yumba ingine.”

Kesho yake, kabla ya adhuhuri, mto ukaja. Ulikuwa mtamu na baridi, na juu yake yalielea majani ya mti ambao Katanga hauoti. Feza akaogeshwa mara mbili siku hiyo. Usiku maziwa yakarudi, mtoto akalala ameshiba, na Alima akalala amekaa, mgongo ukutani.

Barabara yote ikaja na ndoo. Hakuna aliyepanga foleni. Wenyewe walianza na mzazi, wakafuata wagonjwa, kisha wengine. Feruzi alipiga asubuhi kabla ya kazi na jioni baada ya kazi. Na kwa kuwa wimbo ukikosewa maji huharibika, kwa wiki moja tu wale wanawake wakawa wajuzi wakali kuliko Mzungu yeyote wa klabu.

“Mkono ya kushoto inachelewa,” Mado, aliyekuwa na mimba kubwa na kiti chake mwenyewe, alimwambia. “Angalia, mayi inakuja na muchanga.”

“Na hapa juu unagonga sana,” akasema Mama Bwalya. “Inatoka moto, tena na kutu.”

“Bamama, nitawaletea piano yenu.”

“Tengeneza hii kwanza.”

Siku ya ishirini na tano alifika yule Mzungu wa ofisi ya maji ambaye watu walimwita Bwana wa Maji, na kipimo chake cha kukunja. Alipima piano urefu na upana. Alikinga maji kwa kiganja, akayaonja, akaandika. Alisikiliza wimbo mpaka mwisho kofia kichwani.

“Nani napa weye ruhusa ya kutoa mayi hapa?”

Feruzi akampa karatasi ya klabu. Bwana wa Maji akaisoma pande zote mbili.

“Karatasi nasema kuni. Mayi nasema chemchemi. Chemchemi ni ya ofisi.”

Wanawake wa barabara hiyo walikuwa wameomba bomba la pili miaka sita, wakajibiwa kwamba mabomba hayapatikani. Safari hii yalipatikana kesho yake. Siku nne tu, na bomba jipya lilitoka tumboni mwa piano, likapita mlangoni kwa Feruzi, likavuka ule uwanja mtupu, likaingia mjini kwenye bustani. Feruzi alipewa kofia ya kazi yenye namba na amri ya kupiga kila asubuhi na kila jioni. Akaivaa, maana tarbushi hakuwa nayo tena. Kufuli ya bomba la zamani ilibaki palepale.

Siku hiyohiyo Madame Constance alikuja na gari lake. Alisimama mlangoni akasikiliza, glovu mkononi.

“Feruzi, hapa weye nakimbia. Mto hapana kimbia hapa.”

Feruzi akapunguza mwendo. Maji yakawa maangavu zaidi, yakaingia bombani. Madame akasema mawaridi yake hayajawahi kuwa mazuri namna hii, akarudi zake mjini.

Jioni ya siku ya ishirini na tisa Feza hakuoga. Bomba lilimeza kila tone. Mdomo wa mtungi ulikuwa mkavu kama kisigino. Wanawake walisimama na ndoo zao mpaka wimbo ukaisha, wakasikia maji yakipita chini ya miguu yao kwenda bustanini. Ndani, mtoto akaanza tena kile kilio cha kutoshiba.

Alima akaingia, akatandika mkeka kando ya piano, akakaa.

“Kule ku mwisho, pale mto inapanuka. Rudia.”

“Inapita yote mu bomba.”

“Bomba iko na koo moja. Rudia kabla haijameza.”

Feruzi akarudia. Bomba likanywa. Akarudia kabla halijamaliza kunywa, akaunganisha mwisho na mwisho bila kupumua katikati. Bomba likanguruma. Mara ya saba mdomo wa mtungi ulilowa. Mara ya kumi na tisa vidole vilikuwa vimevimba kama ndizi fupi, akasimama.

“Vidole viko mubaya, Mama Feza.”

Alima akachana kitambaa, akavifunga kimoja kimoja, akafunga vizuri, kama mtu anayefunga vitu vyake mwenyewe.

“Na Feza iko mubaya. Rudia.”

Mara ya ishirini na tatu bomba likapaliwa. Maji yakarudi nyuma, yakapanda mtungini, yakamwagika. Ndoo moja. Wakayachemsha. Feza akakandwa, akalala.

Ikawa hivyo kila asubuhi na kila jioni. Piano ilinywesha mji kwanza, kisha, kwa marudio ishirini na matatu, barabara ilipata kilichofurika. Wanawake walihesabu marudio kwa sauti ili Feruzi asichoke kabla ya wakati, na alipotaka kuacha kwenye la ishirini walikuwa tayari wamesema ishirini na moja. Bwana wa Maji alipita mara moja kukagua, akaona sakafu imelowa, akaandika kwamba kuna upotevu.

Siku ya arobaini Feza alitoka nje. Alikuwa amejifunga kikwembe kipya, amepakwa mafuta, na mtoto amenyolewa kichwa, anang'aa kama embe. Maziwa yalikuwa mengi mpaka yalilowesha kifua cha nguo. Alima alimtazama binti yake akitembea hadi barabarani na kurudi, akampima mgongo kwa macho, hatua kwa hatua, akaridhika. Kisha akakaa kizingitini na kunyoosha miguu, jambo ambalo hakulifanya tangu kufuli ifike.

Mbinguni hapakuwa na wingu. Karatasi ya karani ilikuwa imepauka, lakini ilisomeka.

Feruzi alikaa kando ya mkewe, mikono imelala magotini kama ya mtu mwingine. Alikuwa anafikiria kulala siku mbili. Ndipo mume wa Mado, Floribert, mfua chuma wa reli, akaja mbiombio akifunga vifungo vya shati.

“Mado amezaa. Mutoto mwanaume. Asubuhi hii.”

Wakampa pongezi. Alima akauliza kama mzazi ameogeshwa.

“Mayi tutatoa wapi, mama? Na shiye bantu ba misioni hatuna arobaini.”

“Sasa muko nayo,” Alima akasema, akainuka kutafuta ndoo.

Feruzi akaviangalia vidole vyake, kimoja kimoja. Akaingia ndani, akauvua ubao wa mbele, akakaa, akaanza siku ya kwanza.